Tumuenzi Mlalamikia Ushuru wa Bia

Nchi hii imewavisha nishani wapiganaji, imewapa vikombe wanamichezo, na kila Nane Nane inamtafuta mkulima bora ili apigwe picha kando ya trekta. Lakini yupo raia mmoja ambaye hajawahi kuitwa jukwaani, wala hajawahi kulalamikia hilo, kwa kuwa malalamiko yake ameyaweka wakfu kwa jambo moja tu. Huyo ni mlalamikia ushuru wa bia. Utamkuta jioni kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umeshika shingo ya chupa, wa pili umenyooshwa kuelekea Dodoma, akieleza kwa utulivu wa mtu aliyelitafakari jambo kwa miaka mingi ni kwa nini nchi haiendelei. Hakuchaguliwa na mtu, hapokei posho ya kikao, na kikao hajawahi kukosa.

Nimeona niandike habari zake kwa heshima inayomstahili, na sina haja ya kumtambulisha kwa msomaji, maana msomaji anakaa naye ndani ya shati moja. Karani wa benki analo hili jambo, dereva wa daladala analo, mhadhiri wa chuo kikuu analo pamoja na vielelezo. Namfahamu mwanakwaya ambaye hajagusa kileo maisha yake yote lakini anakumbuka bei ya bia ilivyokuwa mwaka aliopata kipaimara, na akiitaja machozi yanamlengalenga. Namfahamu pia mtumishi wa mapato ambaye saa kumi na mbili jioni huvua kitambulisho chake shingoni, hukitia mfukoni, na kufikia saa moja anawaongoza wenzake. Sote tumo. Wapo wanaolalamika kwa sauti na wapo wanaolalamika kwa uso, basi.

Fadhila yake ya kwanza ni usikivu katika mambo ya umma. Hotuba ya bajeti ya serikali husomwa Alhamisi moja katikati ya Juni, wakati ambapo mawaziri wa nchi jirani za Afrika Mashariki nao husoma zao, na huchukua saa nyingi. Wananchi wengine huisikiliza yote kwa mkupuo, wakatoka na maumivu ya kichwa bila neno la kushika. Mlalamikaji hafanyi israfu ya namna hiyo. Jioni moja ya bajeti ilinikuta kwenye grosari ya Sinza, televisheni ikiwa juu ya friji, sauti imefungwa. Waziri alipita kwenye ukuaji wa uchumi, akapita kwenye deni la taifa, akapita kwenye dawa za hospitali za wilaya na mikopo ya elimu ya juu, na muda huo wote meza ya jirani yangu ilikuwa ikijadili usajili wa Simba na Yanga. Mtu asiyewajua angesema wamezembea. Walikuwa wanajitunza. Ghafla mzee mmoja, mstaafu wa bandari, aliinua kidole na kusema, "Dada, fungulia sauti, wameshafika kwetu."

Alijuaje, na sauti haikuwepo? Ni uzoefu. Waziri alikuwa ndio kwanza ameigusa Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147, na mzee aliisoma kwenye midomo.

Kabla kiwango hakijatajwa, meza nzima ilikuwa imeshakasirika, na hapo ndipo ubora wao unapoonekana. Mtu wa kawaida hungoja habari ndipo akasirike. Hawa huja na hasira tayari, wameitunza vizuri, na habari ikifika inakuta imeandaliwa kiti. "Si niliwaambia!" alisema mzee. "Sisi walevi ndio tunaoiendesha nchi hii," alisema fundi magari aliyekuwa pembeni yake. "Na shukrani hawana," alimalizia mwalimu, ambaye hadi wakati huo alikuwa hajanena kitu. Baada ya kushauriana kwa sauti ya chini walifikia uamuzi wa kiuchumi ambao sijausikia ukitolewa na kamati yoyote ya Bunge: "Dada, tuletee mbilimbili kabla hazijapanda." Zikaja, nyingine za moto na nyingine za baridi, na kwa njia hiyo meza ile ikaokoa fedha nyingi usiku ule kuliko ilivyokuwa imekusudia kutumia.

Mama mwenye grosari, aliyekuwa kimya nyuma ya kaunta, alichukua kitambaa, akafuta namba kwenye ubao wa bei, akaandika nyingine. Viwango vipya huanza Julai 1, na kreti zilizokuwa stoo zilikwisha kulipiwa ushuru wa zamani tangu kiwandani. Meza iliutazama ubao, ikamtazama mama, kisha ikamlaani Waziri.

Tukio hilo dogo linatuleta kwenye fadhila ya pili, nayo ni uadilifu katika hesabu. Ushuru wa bia hapa kwetu hutozwa kwa lita. Tuseme umeongezwa shilingi 20 kwa lita. Chupa ya nusu lita itabeba shilingi 10. Hiyo sarafu ya shilingi kumi mimi sijaiona mkononi mwa mtu kwa muda mrefu, na mwenye baa naye hajaiona, kwa hiyo kwa kukosa chenji anapandisha shilingi 500. Mtu mwenye fikra finyu angejiuliza hizo 490 zimekwenda wapi. Mlalamikaji hajiulizi, kwa kuwa mizani yake haina upendeleo: serikali anaidai hata kumi, mwenye baa anamsamehe hata mia nne na tisini. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusamehe kwa kiasi hicho, tena kila baada ya nusu saa, tena mtu huyohuyo?

Wala asidhani mtu kwamba hesabu kwake ni ngumu. Anaijua kodi juu ya kodi kuliko mwanafunzi wa uhasibu anavyoijua. Atakueleza, akichora kwa kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani, kwamba kinywaji cha shilingi 1,000 kikiwekewa ushuru wa shilingi 400, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haitozwi kwenye elfu moja bali kwenye 1,400, nayo inakuwa 252, na ndani ya hizo 252 zipo shilingi 72 ambazo ni kodi iliyotozwa kodi. Yote ni kweli. Hesabu hii huifanya bila kalamu, saa tano za usiku, na hakosei hata senti. Hesabu moja tu humshinda, nayo ni ya chupa tupu ambazo dada mhudumu amezipanga chini ya meza ili bili isije ikabishaniwa. Hapo yeye huziona nne, dada huziona saba, na ugomvi unaofuata huishia kwa wote wawili kukubaliana kwamba bei zimepanda.

Uthabiti wake nao hautikiswi na habari njema. Mwaka 2021 Bunge lilipunguza ushuru wa bia inayotengenezwa kwa shayiri iliyolimwa na kukobolewa humu nchini na kugeuzwa kimea hapahapa, kutoka shilingi 765 kwa lita hadi 620, ili wakulima wa shayiri wapate soko. Mtu dhaifu angeyumba. Angekwenda kwenye kaunta akauliza kwa nini bei haijashuka, na kwa swali hilo moja angeharibu urafiki wa miaka. Mlalamikaji aliipokea habari hiyo kwa mashaka yanayostahili. "Wakikupunguzia," aliniambia mmoja wao, "ujue wana lao jambo." Kwenye kaunta ninayoijua bei ilibaki palepale, na akanywa akiwa ameridhika kwamba mashaka yake yalikuwa ya haki. Vivyo hivyo kuhusu mvinyo wa zabibu za Dodoma, ambao ukiwa na zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo sana ukilinganisha na mvinyo wa nje. Anajua. Haunywi. Kinywaji kisicho na manung'uniko ndani yake hakimpandi kichwani.

Sasa niseme juu ya uzalendo wake, na hapa naomba msomaji asimame kidogo kama wimbo wa taifa unavyotaka.

Mlalamikaji ndiye mwenye nchi hii, na vielelezo anavyo. Ukivuka naye Daraja la Nyerere pale Kigamboni atakuonyesha sehemu aliyoijenga yeye. Treni ya SGR ikipita kuelekea Morogoro atatikisa kichwa kwa huzuni ya baba aliyesomesha mtoto asiyempigia simu. Behewa la tatu ni lake, na tiketi bado anatozwa. Zahanati ikipakwa rangi ni yeye, dawati likitengenezwa ni yeye, na barabara ikiwa na mashimo ni wale wengine wasiokunywa. Ni nadra kumpata raia anayeihisi nchi kuwa yake kiasi hiki. Wafanyakazi waliokatwa kodi kwenye mshahara kabla hawajauona hawana hisia hizo. Mama ntilie anayelipa kodi kwenye mafuta ya kupikia na ya taa wala hajui kama naye anajenga kitu. Ni mnywaji peke yake aliyejenga akajua.

Risiti je? Kwa kuwa yeye ndiye mlipaji mkuu, kuna watu wabishi wanaouliza kwa nini hajawahi kudai risiti ya mashine ya EFD. Swali hilo linaonyesha kutofahamu adabu za baa. Kudai risiti ni kumtuhumu dada wa kaunta mbele ya wateja, ni kumchelewesha, ni kuleta karatasi pale ambapo watu wamekuja kupumzika na karatasi. Hivyo hutoa fedha yake, asilimia 18 ikiwa ndani, na mashine hulala usingizi wake chini ya kitambaa. Fedha hiyo ya kodi serikali haiioni. Kwa maneno mengine, mlalamikaji amelipa kodi kikamilifu na hapohapo ameikomboa isiliwe na serikali, akaiacha mikononi mwa mfanyabiashara mzalendo anayempa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Kesho yake atashangaa kwamba taa za barabarani haziwaki, na mshangao wake utakuwa wa kweli kabisa.

Ili mshangao huo usichakae, anautumia kwa uangalifu mkubwa. Nitatoa mfano ambao ninauona ni wa hekima ya hali ya juu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti yake mwishoni mwa Machi, na mwezi Aprili inawekwa mezani bungeni. Humo mna kurasa nyingi zinazoeleza fedha za umma zilikwenda wapi: miradi iliyolipiwa na haikuisha, manunuzi yaliyovuka taratibu, mashirika yenye hasara. Hizo ndizo fedha zake, lile behewa la tatu na lile dawati. Aprili hiyo mlalamikaji yuko kimya. Hata televisheni iliyo juu ya friji inaonyesha mpira. Wako watakaoita huku ni kulala. Mimi ninaita ni mgawanyo wa nguvu. Ukilalamika Aprili kuhusu fedha zilivyotumika, Juni utakuwa umekauka koo kabla Waziri hajafika kwenye Sura ya 147, na taifa litabaki bila sauti katika saa yake ya uhitaji. Isitoshe, ripoti ile haitaji bei ya bia popote.

Manufaa ya malalamiko haya kwa familia hayajaandikwa vya kutosha. Mume anayerudi saa sita za usiku bila malalamiko ana mashaka. Mume anayerudi na malalamiko ana sera. Mke wake akimuuliza mlangoni, "Baba watoto, ada ya muhula imefika wapi?" yeye hajibu kwa kigugumizi kama wenzake wa zamani, bali huketi, huvua viatu, na kuuliza kwa upole, "Mama watoto, umesikia walichotufanyia Dodoma?" Naye mama watoto huelimishwa kuhusu ushuru kwa lita, kuhusu asilimia 18 na zile shilingi 72, hadi naye anaelewa kwamba ada haikutumika vibaya, ilipandishwa kodi. Ndoa ngapi zimesimama juu ya msingi huo! Mtoto naye, akisimama dirishani kesho yake wakati wenzake wanakwenda shule, anakua akijua adui yake ni nani.

Kuna wanaoleta elimu ya afya hapa. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha kupandisha kodi miongoni mwa njia zinazofaa zaidi kupunguza madhara ya pombe, kwa hoja kwamba kinywaji kikiwa ghali watu hunywa kidogo. Sina ugomvi na wataalamu, lakini wangeketi Sinza wiki moja wangeona. Mlalamikaji amepandishiwa bei miaka nenda miaka rudi na hajapunguza chupa hata moja. Kilichopungua ni nyama kwenye sufuria na salio kwenye simu. Mtu anayebeba mwilini mwake ushahidi dhidi ya nadharia za kimataifa alipaswa kualikwa Geneva. Badala yake anatozwa.

Hata hivyo asionekane ni mtu wa maneno matupu, maana kila mwaka huchukua hatua. "Kuanzia Julai mosi nimeacha," hutangaza, na wenzake humpongeza kwa kumnunulia. Hatua hii hudumu kadiri ya mazingira. Ikiwa Julai mosi imeangukia katikati ya wiki huweza kudumu hadi Ijumaa. Wengine, walio imara zaidi, huhamia kwenye vinywaji visivyomnufaisha Waziri. Serikali imebandika stempu za kielektroniki kwenye chupa, ikatoa na programu ya simu, Hakiki Stempu, ili mnunuzi ajue kama kilicho mkononi mwake ni halali. Mlalamikaji hana haja ya kuhakiki: anataka hasa ile isiyo na stempu. Mzinga usio na stempu, wenye lebo iliyogandishwa upande na kizibo kinachozunguka bila kukamata, kwake ni tamko la kisiasa. Gongo nayo haina ushuru, haina lebo, haina kiwanda, na mtu akipofuka hana wa kumdai chochote, jambo linaloondoa kabisa usumbufu wa mahakama. Ndio hao hao ambao bado wanavililia viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 1, 2017. Havikupandishwa kodi, viliondolewa. Lakini wao wamevihesabu kama ushuru wa asilimia mia moja, na kwa mtazamo wa mnywaji sioni kosa la hesabu hiyo.

Ni vizuri pia tumpime na wenzake wa mataifa mengine, tuone alivyowazidi. Mwaka 1791 Marekani iliweka ushuru kwenye wiski kwa ushauri wa Alexander Hamilton. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, badala ya kukaa wakazungumza, waliwapaka watoza ushuru lami na kuwabandika manyoya, hadi mwaka 1794 George Washington akakusanya wanamgambo wapatao 13,000 kuwaendea. Ushuru ule ulikuja kufutwa mwaka 1802. Huko Munich, Mei 1844, bei ya bia ilipopandishwa watu walivamia viwanda vya bia, askari wakawa wazito kuingilia, na Mfalme Ludwig wa Kwanza akalazimika kushusha bei kwa asilimia kumi. Haya yanasimuliwa kama ushindi. Lakini tujiulize kwa dhati: watu wa Munich walibaki na nini cha kuzungumza baada ya hapo? Walipata asilimia kumi wakapoteza ajenda. Mlalamikaji wetu hajavunja kioo, hajaandika barua, hajamfuata mbunge wake hata siku mbunge huyo alipokuwa meza ya tatu akitoa ofa. Ameyahifadhi malalamiko yake mazima, na atawarithisha wanawe yakiwa na thamani ileile.

Wakenya nao waliwahi kuteleza. Bia ya kegi, iliyoanzishwa mwaka 2004 ikiwa na msamaha wa ushuru ili iwavute watu kutoka kwenye chang'aa, iliondolewa nusu ya msamaha huo mwaka 2013. Wanywaji wake hawakulalamika kwa kiwango kinachostahili. Waliacha tu kuinunua, mauzo yakaporomoka, wengi wakarudi vichochoroni, na mwaka 2015 serikali ikarudisha sehemu kubwa ya msamaha. Unaona hatari yake: mtu akikunja mkono wake mfukoni kweli kweli, serikali husikia. Bahati njema ndugu zetu hao wamepewa nafasi ya kujirekebisha. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bia kwao unakokotolewa kwa kiasi cha alkoholi halisi iliyomo ndani, shilingi 22.50 za Kenya kwa sentilita. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina sentilita 2.1, na ushuru wake ni shilingi 47 na senti 25, wakati pombe kali inatozwa shilingi 10 tu kwa sentilita ileile. Malalamiko yanayohitaji desimali! Ninawaonea wivu wa maendeleo.

Inasemwa na wenye husuda kwamba mlalamikaji anachosha. Kwamba ukikaa naye mara ya kwanza umesikia yote, kwamba mwaka unaofuata atarudia neno kwa neno, kwamba bei za zamani anazozitaja zinazidi kushuka kila anapozisimulia, hivi kwamba ile bia ya mia tano sasa imefika mia mbili na hamsini na nyama ilikuwa bure. Lakini uaminifu kwa wazo moja si jambo la kudharauliwa katika zama ambazo watu hubadili vyama kabla shati la kijani halijafuliwa. Yeye vyama anavyovijua ni viwili tu: waliokaa naye mezani na waliopandisha. Chini ya mwavuli wa chama hicho cha kwanza mfanyabiashara wa Kariakoo huketi na kuli wake, Mchaga wa mbege na mtu wa ulanzi wa Iringa wakaelewana, mwajiri akamwita mwajiriwa "kaka", na bili ikifika kila mmoja akawa ameingia msalani.

Najua yuko msomaji ambaye hadi hapa anajiona hayumo, kwa kuwa hanywi. Nimemwachia nafasi makusudi. Ndugu yangu, soda uliyoshika inalipiwa ushuru wa bidhaa. Maji ya chupa uliyoyaagiza ili uonekane mtu wa dini, hebu yageuze, utaiona stempu. Kwa hiyo sogeza kiti, usione haya, sisi hatumwulizi mtu anakunywa nini. Dada atakuja na bili. Usihangaike kuisoma, mzee wa bandari ataisoma kwa sauti, atanyamaza kidogo kwenye jumla, na akimtaja Waziri wewe itikia kama wengine.